Shabu ya Kutilia Ua

Madinat Sultan Qaboos, Maskati
12 Februari 2025

Theodora mwanangu,

Umeondoka kama mwizi! Mie nimejilaza mchana, naamka namwita Theodora aniletee chai, anakuja mjukuu wangu Ruba, binti wa Sleyum, na daftari kaandika: "Mamake mgonjwa, Baba kamkatia tikiti, keshaondoka." Basi, ndio hivyo. Miaka minne tunakula meza moja, hata kuniaga? Nikakasirika, nikasusa na chakula. Halafu nikajirudi, nikasema mama ni mama, na mie ningekuwa wewe ningekwenda kwetu hata kwa miguu. Mungu ampe nafuu. Mwambie namsalimu sana, tena asichanganye dawa za hospitali na mizizi, kwani nyinyi watu wa milimani nakujueni.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu ile ile. Simu ni ya wenye masikio, na mie yangu yalishakufa zamani. Huko kwenye kioo cha simu herufi zenyewe ndogo, kama sisimizi kwenye sukari.

Wameniletea msichana mwengine, Pelagia, Mhaya wa Bukoba. Mtoto mzuri, ana adabu, lakini akitaka kusema na mie anaandika kwenye daftari herufi kubwa kubwa kama bango la duka. Kanifanya kiziwi wa macho. Nacheka, lakini nakukumbuka wewe na mwandiko wako wa kujibana.

Sasa skiza. Ua langu, ile haidrenjia aliyoniletea Khulood binti yangu, limeanza kutoa vitumba. Kile kikaratasi chake ninacho bado. Kinasema asili yake ni misitu ya milimani huko Ujapani, kwenye ukungu na baridi. Masikini, limekuja kukaa barazani Maskati. Nalimwagia maji mara mbili kwa siku na kulifunika khanga saa sita. Lakini unajua shida yangu: vitumba vikishaonyesha rangi, basi tena, hata ukitia shabu ya dunia nzima halibadiliki. Je, nduguyo Zakayo hakuipata ile shabu? Nilikwambia robo kilo tu, lile jiwe jeupe la kusafishia maji, wanalo maattari wa Matrah, wauza ubani na dawa za kizamani. Akiipata ampe Nasr dereva. Bila ya shabu litatoka la waridi, maji ya hapa yana chokaa. Na mie nalitaka la buluu.

Unajua kwa nini. Nilikuwa na miaka tisa babangu alipopelekwa Lushoto kuwa tabibu, na penye ua wa misheni yalikuwepo maua haya haya, ya buluu tupu. Mvua ikinyesha yale majani yake mapana yalikuwa yakilia. Hicho ni kitu nilichokisikia kwa masikio yangu, Theodora, na sasa nna miaka sabini na sita, vitu nilivyovisikia nimebaki navihesabu.

Rudi upesi. Mie na wewe hatujamaliza kugombana.

Bibi yako,
Aliya


Gare, Lushoto
3 Machi 2025

Bwana Sleyum,

Assalaam alaykum. Ni mimi Theodora Shemdoe, niliyekuwa nikimhudumia mama yako. Nimekupigia simu nyingi hazipokelewi, na ujumbe naona umesoma hujajibu, kwa hiyo nimeamua kuandika.

Uliniambia ninyamaze na wewe utamwekea Zakayo wakili. Mimi nimenyamaza. Nilipanda ndege siku ile ile, sikumuaga Bibi, na mama yangu ambaye ninyi mmesema ni mgonjwa nilimkuta mlangoni anachambua maharage, mzima wa afya, akaniuliza kulikoni. Nimemdanganya hata yeye. Lakini Elias, rafiki yake Zakayo wanayekaa naye chumba kimoja Wadi Kabir, ameniambia juzi kwamba mwezi umepita na hakuna wakili yeyote aliyeonekana.

Bwana Sleyum, wewe unajua ukweli wote. Mama yako aliniagiza shabu ya kutilia ua lake, ile ya Kiswahili cha kwenu, jiwe la kusafishia maji. Mimi kwetu Usambara hilo neno hatuna, nililisikia kwa Bibi. Nikamwandikia Zakayo kikaratasi akanitafutie. Yeye alikuwa na miezi mitatu tu hapo Maskati, anaziba pancha za matairi, Kiarabu hajui. Akaenda kuuliza gereji kwa gereji, "Natafuta shabu, ni nyeupe kama kioo." Wewe mwenyewe ndiye uliyenieleza, huku umeshika kichwa, kwamba huko Ghuba neno hilo hilo ni la madawa ya kulevya, na yenyewe ni meupe kama kioo. Basi mtu mmoja akamwambia ninayo, akamletea kidogo kwenye nailoni, na polisi wakawa nyuma yake. Mdogo wangu alishikwa na kitu asichokijua ni nini. Ana miaka ishirini na minne.

Ninaelewa unaogopa jina la mama yako kutajwa kwenye kesi kama hiyo, na moyo wake si mzima, na wewe una cheo chako. Lakini yeye ndiye mtu pekee anayeweza kusema mbele ya hakimu ni shabu gani iliyoagizwa. Kama hutaki asimame yeye, simama wewe. Nakuomba kama mtu anavyoomba maji. Nakuomba, Bwana Sleyum.

Theodora


Gare, Lushoto
3 Machi 2025

Shikamoo Bibi,

Barua yako imenifikia parokiani, nimeisoma nikicheka na kulia. Nisamehe sana kwa kuondoka bila kwaheri. Safari ilikuwa ya haraka mno.

Mama anaendelea vizuri, anakusalimu. Huku mvua za kwanza zimeanza, barabara zinateleza, na ndizi ni nyingi hadi mbuzi wanachagua. Hayo maua yako yapo bado, Bibi. Nyumbani kwetu tunayaita maua ya mapadri. Yako pembeni ya kanisa, ya buluu, na hakuna aliyetia kitu chochote. Ni udongo tu, udongo wetu mchachu. Jana nilisimama kuyaangalia kwa ajili yako. Kumbe yale mapana ya pembeni tunayoyasifia ni ya kuringia tu, hayazai. Ua lenyewe ni vile vijiua vidogo vya katikati ambavyo hakuna anayeviangalia. Katekista ndiye aliyenionyesha.

Kuhusu ile shabu, Zakayo hakufanikiwa. Tafadhali Bibi, usimwagize mtu mwingine yeyote, wala usilitaje hilo neno mbele ya wageni au dukani. Nakuomba sana. Acha litoke la waridi mwaka huu, nalo ni zuri.

Na kitu kimoja zaidi. Lile daftari letu la Januari, lenye jalada la kijani, ambalo nilikuwa nakuandikia mazungumzo, usikubali litupwe. Lifunge kabatini mwako na ufunguo ukae nao wewe. Nitakueleza nikipata nafasi.

Mjukuu wako,
Theodora


Madinat Sultan Qaboos, Maskati
24 Machi 2025

Theodora,

Leo sianzi kwa salamu. Nna hasira, na nimefunga, kwa hiyo najizuia.

Barua yako imenifikia ikiwa imefunguliwa na kubandikwa tena gundi. Gundi yenyewe mbichi, imenasa kwenye kidole changu. Katika nyumba hii anayekwenda posta ni mmoja tu, naye ni mwanangu niliyemzaa. Nikamwita. Nikamuuliza, mama yake Theodora anaumwa nini? Kaandika: "Presha." Siku ya pili wakati wa futari nikamuuliza tena, mbele ya mkewe, kwa nini Theodora harudi? Kaandika: "Amechoka kazi, ameolewa." Kwanza mama anaumwa, halafu umeolewa, na wewe mwenyewe unanambia mama yuko vizuri na mbuzi wanachagua ndizi! Mwongo asiye na kumbukumbu ni bora anyamaze.

Na wewe usijitoe, hujambo kwa uongo na wewe. Miaka minne hujapata kuniandikia ukurasa bila ya kumtaja Zakayo mara kumi. Zakayo kapata shahada ya ufundi, Zakayo kapata viza, Zakayo kala pilau kwa Nasr akamaliza sinia. Safari hii umemtaja mara moja, "hakufanikiwa", na ukaenda mbio kama aliyekanyaga kaa la moto. Na kwa nini nisitaje shabu? Neno la mamangu na bibi yangu, tangu lini limekuwa tusi?

Daftari nimelifunga. Kabla ya kulifunga nimelisoma lote. Nimeona tarehe ishirini na sita Januari umeniuliza, "Shabu ndiyo nini, Bibi?" Na chini yake, "Robo kilo inatosha?" Baada ya hapo kuna siku nne tunazungumza habari za pweza na mishono ya magauni, halafu kurasa nyeupe. Kimetokea kitu baina ya pweza na hizo kurasa nyeupe, na kila mtu anakijua isipokuwa mie.

Mie kiziwi, Theodora, mie si mjinga. Wanangu wamezoea kufunika daftari na mkono wakitaka kunificha jambo, wanadhani nikishakuwa sioni maneno basi na nyuso zao sizioni. Nambie kweli. Moyo wangu wasikutishie nao. Moyo huu umetoka Unguja mtoto mdogo na khanga moja begani, na bado unapiga.

Ua limefunguka. La waridi.

Barua hii nimempa mgeni wa Khulood anayekwenda Dar es Salaam, ataitia kwenye basi la Lushoto. Na wewe ukijibu usipitishe kwenye sanduku la posta la Sleyum. Tafuta mkono wa mtu.

Aliya


Gare, Lushoto
12 Aprili 2025

Shikamoo Bibi,

Barua hii anakuletea Dativa, binti wa jirani yetu, anakuja kuanza kazi Maskati. Nimemwambia asiitoe mkononi mwake mpaka akuone wewe kwa macho. Kaa chini kwanza. Kama Pelagia yuko karibu mwambie akupe maji.

Zakayo yuko rumande tangu Ijumaa tarehe 31 Januari. Alikamatwa Wadi Kabir akiwa na madawa ya kulevya mkononi. Bibi, jina la hayo madawa huko kwenu kwa vijana ni shabu. Neno lile lile. Wewe unalijua la zamani, la jiwe la maji, na mimi nililijua kwako. Wale aliowauliza wanalijua la leo. Aliuliza shabu akapewa shabu.

Hakuna aliyekosea ila mimi. Wewe ulinieleza vizuri, ukasema kwa maattari wa Matrah. Mimi kwenye kikaratasi cha Zakayo sikuandika attari wala Matrah. Nilikuwa na haraka, Mama Ruba ananiita jikoni, nikaandika tu: "Zaka, nitafutie shabu robo kilo, ni nyeupe kama kioo, ni ya ua la Bibi. Mpe Nasr. Mama Ruba asijue." Niliandika asijue kwa sababu alikuwa amekasirika na matope ya barazani, si kwa kitu kingine. Kila siku nakirudia hicho kikaratasi kichwani na kuongeza maneno mawili. Kwa attari. Kwa attari. Yangekuwa yameniokolea mdogo wangu.

Bwana Sleyum alijua tangu siku ya pili, mimi ndiye niliyemwambia nikilia. Akaniahidi wakili kama nitanyamaza nawe usijue. Nilinyamaza kwa kuwa nilimwamini, na kwa kuwa nilikuwa na hofu, maana aliniambia polisi wakinipata mimi nitaingia ndani pamoja naye. Wakili hakuwekwa. Na Zakayo, Elias anasema, hajataja jina la mtu yeyote. Anaulizwa nani alikutuma, anasema sikutumwa. Sijui kwa nini anasema hivyo, kwani angesema tu nimetumwa na dada yangu, kwa ajili ya ua, ingekuwa imeanza kueleweka. Mimi simu ya gerezani sina. Nimempa Elias ujumbe, lakini wanamruhusu dakika chache na kuna mtu anasimama hapo hapo.

Kesi yake inasikilizwa Jumapili tarehe 27 Aprili. Bibi, nakuomba uende. Nenda na daftari la kijani. Mwambie hakimu shabu ni nini kwa Kiswahili cha watu wazima. Hakuna mwingine. Nimejaribu kupata viza ya kurudi mwenyewe nikasimame, nimeambiwa jina langu limefungwa na aliyekuwa mdhamini wangu, yaani mwanao.

Sitaki kukugombanisha na mtoto wako. Lakini na mimi nina huyu mmoja tu. Baba alipofariki nilimbeba mgongoni kwenda kwenye mazishi.

Mjukuu wako,
Theodora


Al Khuwair, kwa Khulood
29 Aprili 2025

Theodora mwanangu,

Dativa alifika siku tatu kabla ya kesi. Mtoto jasiri yule, alimwambia Ruba mlangoni, "Nimeambiwa nimpe Bibi Aliya mwenyewe," na akakaa kizingitini mpaka nikatoka. Nimesoma barua yako mara mbili. Maji sikuyataka.

Kwanza nikamwita Sleyum. Nikamwambia, leo huandiki, leo unasoma. Nikampa barua yako. Alipomaliza alilia, simsingizii. Kaandika: "Mama, nimekuhofia wewe." Nikamwambia, umejihofia wewe. Ungenambia mie siku ya kwanza, ningekwenda na kanzu ya nyumbani. Siku ile ile nimehamia kwa Khulood, na viatu na dawa zangu. Hayo nayaacha, si makubwa.

Jumapili Nasr alinipeleka mahakamani. Nilichukua daftari, nikachukua jiwe la shabu niliyoinunua mwenyewe Matrah Ijumaa asubuhi, nikachukua na lile ua na chungu chake. Askari mlangoni alikataa ua. Nikamwambia huyu ni shahidi. Akacheka, nikaliacha kwenye kivuli cha ukuta. Ndani wakanipa kiti mbele kwa ajili ya uzee wangu.

Zakayo aliingizwa. Kakonda, Theodora, lakini mzima, nywele wamezinyoa. Hakimu alinipa ruhusa ya kusema. Nikasema kwa Kiarabu changu chote. Nikasema mie Aliya, ndiye niliyeagiza shabu, na shabu yangu ni hii hapa, nyinyi mnaiita shabba, vinyozi wanaipaka mtu akijikata. Ni ya kuligeuza ua rangi. Nikaliinua jiwe. Watu wote walilitazama, na hakimu akalichukua mkononi akalinusa. Uso wake ulikuwa mzuri. Nikajua, wallahi nilijua, huyu ananiamini.

Likapelekwa daftari kwa mtarjumani. Hapo pakaharibika kidogo, kwani yeye kasoma mstari mmoja tu, "Robo kilo inatosha?", na nikaona nyusi za watu zinapanda. Lakini bado hakimu alinitazama kwa huruma. Halafu akamgeukia Zakayo, akamuuliza kitu.

Midomo ya Zakayo niliiona inakwenda. Maneno machache tu. Nikamtazama Nasr, Nasr kashika kalamu na haandiki. Nikampiga kofi la mkono, andika! Ndipo kaandika: "Kaulizwa kama wewe ndiye uliyemtuma, au mtu wa nyumbani kwako. Kasema, huyu bibi simjui. Sijapata kumuona. Nilinunua kwa ajili yangu mwenyewe."

Theodora, yule mtoto kala kwangu. Siku yenyewe siikumbuki, lakini mwezi wa Desemba kaja kukuangalia, mie mwenyewe nimempakulia. Alinitazama usoni pale mahakamani akasema hanijui. Nikapiga kelele. Nikasema mwongo, anadanganya! Ananikatalia jambo nnalotaka kulisema mwenyewe! Wakaniinua kwa upole, wakanitoa nje, na hakimu kainamisha kichwa anaandika.

Kwa nini kanikana? Nimejiuliza siku mbili sipati. Kama mtu ameshafunguliwa mlango, kwa nini aufunge kwa mkono wake? Khulood kamwekea wakili sasa, wa kweli, mwenye shahada ukutani. Hukumu ni tarehe kumi na moja Mei. Wakili kasema hata hukumu ikitoka mbaya kuna rufaa, lakini kila kitu kinasimama juu ya jambo moja: Zakayo akubali kuwa alitumwa na dada yake kutafuta kitu cha ua. Akikataa, ushahidi wangu ni wa bibi kizee aliyemhurumia kijana wa watu.

Mwandikie. Weye ndiye anayekusikia. Mwambie aseme kweli tu, hatakiwi kusema zaidi ya hapo.

Ua nililisahau pale ukutani. Nasr alirudi jioni, hakulikuta.

Bibi yako,
Aliya


Maskati
20 Mei 2025

Shikamoo Dada Theo,

Barua hii anatoka nayo Mtanzania mwenzangu anayeachiwa kesho, ameishona ndani ya pindo la suruali, kwa hiyo naandika wazi bila kuogopa wanaosoma. Ya kwako uliyompa Elias sikuletewa mkononi, alinisomea haraka haraka dirishani, ofisa akiwa amesimama pale. Nimeelewa ulichokuwa unajaribu kufanya.

Wamenipa miaka kumi. Usilie. Nimeshaanza kuizoea. Chakula kipo, kuna Wakenya wawili na Mganda mmoja, tunasali pamoja Jumapili.

Dada, mimi siku ile nilikuwa mshamba tu. Uliponiandikia shabu nilidhani ni mbolea. Niliuliza watu kwa sauti kama ninayeuliza chumvi, aise, sasa hivi nikikumbuka najionea aibu. Yule jamaa aliniangalia juu mpaka chini kama mwendawazimu. Waliponifunga pingu na kupiga kelele "shabu, shabu", ndani ya gari kuna Mpakistani mmoja anajua Kiswahili kidogo akanieleza ni nini. Ndipo nikakumbuka kikaratasi chako. Robo kilo. Nyeupe kama kioo. Mama Ruba asijue. Nikaelewa kwa nini asijue, na kwamba hilo ua la Bibi lilikuwa la kufichia tu.

Kilikuwa kwenye mfuko wa shati. Nilijifanya naumwa meno, nikainama, nikakitafuna hapo hapo kwenye gari, nikakimeza. Kina mwandiko wako na jina langu, wangekufuata mpaka jikoni. Tangu siku hiyo kila aliyeniuliza nani alikutuma nimesema hakuna.

Sikulaumu. Nimefikiri sana humu ndani, muda ninao. Najua ulivyoanza kunisomesha ukiwa huna kitu, na ada ya chuo ilikuja yote mara moja, na tikiti, na viza. Sikuwahi kuuliza ulivyozipata, na ningeuliza ningekuwa mwanaume. Mshahara wa kufua nguo za watu hautoshi yote yale, nimeshaelewa. Umefanya kwa ajili yangu. Ndiyo maana niliona ni haki nikae mimi humu, wewe ubaki na Mama.

Ila kwa yule bibi ulinikosea. Kumtoa mzee wa watu nyumbani kwake, kiziwi, kumpa jiwe mkononi na kumfundisha hadithi ya maua aje kuisema mbele ya hakimu! Aliliinua lile jiwe watu wote walione, dada. Nilipomuona nilitaka ardhi ipasuke. Nikasema nikikubali tu kwamba namjua, watamfunga na yeye, na wewe watakutoa hata huko Lushoto. Nikamkana. Alinililia mle ndani kama mama yangu mzazi, na sikumwangalia tena. Mwombee msamaha kwangu. Alinipakulia wali siku ile nilipokuja, nakumbuka.

Wakili wenu mpya alikuja jana. Anataka niseme nilitumwa kununua kitu cha kutilia ua. Nimemwambia asirudi, na karatasi yake ya rufaa sikutia sahihi. Mtu anayesema uongo lazima akumbuke, na mimi nikianza kuulizwa habari za maua na rangi za udongo nitajichanganya, na mwisho watafika kwako.

Mama mwambie niko Salala, kwenye kampuni ya barabara, simu hazishiki. Shamba la chini la baba msiliuze.

Na wewe nakuomba kitu kimoja tu, sijawahi kukuomba kitu maishani. Hiyo kazi iache. Usirudi huku, na hao waliokuwa wanakupa mzigo, wakikupigia usipokee. Nimeshakaa mimi kwa niaba yetu sote wawili, inatosha.

Mdogo wako,
Zakayo